Tandiko la farasi anayeumwa mgongo: namna ya kupima, kuchagua na kurekebisha

Bandani mara nyingi tandiko ndilo linalokaa na farasi ndio wanaopita. Farasi mpya akifika Lubumbashi anavalishwa lile lile alilovaa aliyemtangulia, na kama mgongo wake ni mpana zaidi, au kinundu cha mabega kimeinuka zaidi, miezi michache inatosha kumharibu. Hapo ndipo watu wanaanza kurundika blanketi chini ya tandiko, na blanketi hizo huongeza tatizo. Tandiko huchaguliwa kwa umbo la mgongo wa farasi huyu, jinsi ulivyo mwezi huu. Vifaa vya kupimia ni vya kawaida: waya, karatasi ngumu, mita ya fundi cherehani, chaki, kitambaa cheupe, na mtu wa pili wa kumshika farasi.

Kabla ya kulaumu tandiko

Tandiko baya linaumiza mgongo, lakini si kila mgongo unaouma umeumizwa na tandiko. Farasi anayechechemea kidogo mguu wa nyuma hukaza mgongo ili kuukinga mguu ule. Kwato zilizoachwa kurefuka mbele, meno yenye ncha kali, na mpandaji anayekaa upande mmoja vinaleta maumivu yale yale. Kwa hiyo daktari wa mifugo amwone kwanza. Jiji lina kitivo cha udaktari wa mifugo pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), basi pa kuanzia kuuliza papo. Tafuta aliyewahi kushika farasi.

Mwombe amtazame farasi akienda mwendo wa kawaida na kwa troti (mbio za taratibu), kwenye ardhi ngumu na kwenye mchanga, kwa mstari ulionyooka na kwa duara pande zote mbili. Akishuku kwamba miiba ya pingili za mgongo (mifupa inayochomoza juu ya kila pingili) inagusana, jambo linalotokea zaidi kwenye pingili za nusu ya nyuma ya kifua, chini kabisa ya kiti cha mpandaji, uhakika utapatikana kwa picha ya eksirei. Jibu hilo linabadilisha tandiko la kutafuta, kwa hiyo usinunue kabla ya kulipata.

Wewe mwenyewe unaweza kuupapasa mgongo. Simama upande wa kushoto, weka vidole vinne vilivyolala bapa, upana wa kiganja kutoka kwenye uti wa mgongo, juu ya msuli mrefu unaotoka begani hadi kiunoni. Anza kwa uzito mdogo kabisa, pita polepole, kisha rudia ukiongeza nguvu kidogo. Farasi mwenye maumivu hukaza msuli ukawa mgumu kama ubao, au huzamisha mgongo, hulaza masikio, hupiga mkia, husogea pembeni. Fanya upande wa pili kwa nguvu ile ile. Usichome kwa kucha wala kwa kalamu, maana hata farasi mzima atazamisha mgongo akichomwa, nawe utaondoka na jibu la uongo.

Mgongo unasema nini

Msimamishe kwenye sakafu ya simenti iliyo sawa, miguu minne ikibeba uzito sawasawa, kichwa kikiwa mbele na si chini kwenye nyasi. Akiinamisha shingo, kinundu cha mabega na mgongo hubadilika umbo, na vipimo vyako vyote vitakuwa vya farasi mwingine.

Tafuta manyoya meupe kwenye eneo la tandiko. Hayo ni makovu ya mgandamizo wa zamani ulioharibu mizizi ya manyoya. Hayamaanishi kwamba tandiko la leo ndilo lenye kosa, ila yanaonyesha mahali ambapo matandiko yamekuwa yakimbana. Manyoya yaliyovunjika au kusuguka ni habari mpya zaidi: pale kitu kinatembea. Tazama pia mashimo nyuma ya bapa za mabega, pande mbili za kinundu. Farasi mwenye afya amejaa nyama hapo. Shimo maana yake ni msuli uliosinyaa, na chanzo cha kawaida ni tandiko jembamba lililobana kwa muda mrefu.

Panda juu ya kitu imara nyuma yake (mtu wa pili amshike, nawe ujue kama ana tabia ya kurusha mateke) utazame mgongo kutoka juu. Farasi wengi wana bega moja nene kuliko jingine. Tandiko hupimwa kwa upande ulio mnene, kisha upande mwembamba hujazwa. Ukifanya kinyume, bega nene litasukumwa kila hatua.

Kuchukua umbo kwa waya

Rula ya kupinda inayouzwa kwa kazi hii ni nzuri, lakini waya wa umeme wa shaba wa uzi mmoja, ule mnene wa milimita 6 za mraba, unafanya kazi sawa, na wauza vifaa vya umeme hapa wanao. Kata sentimita 70, unyooshe, uache na ganda lake la plastiki ili usimkwaruze. Waya wa nyuzi nyingi haufai, hauhifadhi umbo.

1. Papasa ukingo wa nyuma wa bapa la bega, uweke alama ya chaki. Alama ya pili iwe sentimita 5 nyuma yake. Hapo ndipo ncha za mbele za kiunzi cha tandiko (fremu ngumu iliyo ndani yake) zitakaa, kwa hiyo hapo ndipo pa kupima umbo la kwanza. Lalisha waya juu ya mgongo, uukandamize kwa viganja ufuate mwili bila kuchimba nyama.
2. Bila kuupanua, uinue, uulaze kwenye karatasi ngumu na uchore kwa upande wa ndani. Andika kushoto, kulia, tarehe, na alama ya katikati ya uti.
3. Umbo la pili lichukue mahali mgongo ulipo chini zaidi, chini ya kiti cha mpandaji.
4. La tatu kwenye ubavu wa mwisho. Farasi kwa kawaida ana jozi 18 za mbavu. Utafute ubavu wa mwisho kwa vidole ubavuni, ufuate mstari wake kupanda juu na mbele kidogo hadi usawa wa uti. Nyuma ya hapo ni kiuno, ambacho hakina mbavu za kukishikilia.
5. La nne ni la urefu: waya ulale juu ya uti wenyewe kuanzia kinundu hadi alama ya ubavu wa mwisho. Mchoro huu ndio unaoonyesha kama mgongo ni bapa au umebonyea.

Pima kwa mita umbali kati ya alama ya mbele na ya ubavu wa mwisho. Huo ndio urefu wote ulio nao wa kuweka mito ya tandiko, ile miwili iliyojazwa inayolala mgongoni. Watu husahau kipimo hiki kuliko vyote, kisha wananunua kwa kuangalia ukubwa wa kiti cha mpandaji. Mpandaji mrefu kwenye farasi mwenye mgongo mfupi ana tatizo ambalo tandiko haliwezi kulitatua. Farasi hawezi kurefushwa.

Kata ile karatasi ya umbo la kwanza ubaki na kipande chenye sura ya mgongo. Ukiligeuza tandiko juu chini na kukiingiza kati ya mito ya mbele, pande mbili zinatakiwa kwenda sambamba. Zikigusa chini tu (upande wa mbavu) na juu (upande wa kinundu) kuna uwazi, tandiko ni jembamba. Zikigusa juu tu, ni pana.

Kulichunguza tandiko kabla ya kuuliza bei

Matandiko mengi utakayoonyeshwa yamekwisha kutumika. Ngozi iliyong'arishwa inaweza kuficha kiunzi kilichovunjika, na kiunzi kilichovunjika hakirekebishwi na fundi viatu, hata awe hodari namna gani. Lisimamishe ukingo wa nyuma ukiwa tumboni kwako, shika upinde wa mbele kwa mikono miwili, uvute kuelekea kwako. Viunzi vyenye vyuma vya chemchemi hupinda kidogo kwa usawa na kurudi. Kikikunjika upande mmoja, kikitoa mlio wa kusaga, au ngozi ya kiti ikipata mkunjo mmoja mkali unaokatiza, acha. Kisha liweke mapajani, ukandamize ncha mbili za mbele zikaribiane: upinde wa mbele hautakiwi kusogea hata kidogo.

Ligeuze. Simama nyuma yake utazame kama mito miwili ni sawa kwa unene na urefu. Pita na kidole gumba ukikandamiza: unene uwe sawa, laini lakini wenye kujaa, bila vibonge. Mfereji wa katikati, ule unaopita juu ya uti, uwe na upana wa sentimita 6 hadi 8, yaani vidole vitatu hadi vinne, kuanzia mbele hadi nyuma kabisa. Kwa farasi ambaye miiba ya pingili zake inagusana, mfereji unaosinyaa kuelekea nyuma ni sababu tosha ya kulikataa. Mwisho, vuta kwa nguvu zile ndimi za ngozi zinazofungiwa mkanda wa tumbo, na ukague mkanda wa turubai uliozishikilia ndani. Nyuzi zilizooza zinaweza kushonwa upya kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na kazi hiyo mafundi ngozi wa hapa wanaiweza vizuri.

Kama linatoka Zambia au Afrika Kusini, mtumie muuzaji picha ya michoro yako ikiwa na rula pembeni, umwombe picha za tandiko kutoka mbele, nyuma na chini, na rula ionekane pia. Maliza maswali yote kabla halijasafiri. Likishavuka mpaka wa Kasumbalesa, kulirudisha ni gharama nyingine na makaratasi mengine.

Juu ya farasi, bila kitambaa

Jaribio la kwanza hufanywa bila kitu chochote chini, kwani kitambaa huficha makosa. Liweke mbele kidogo, juu ya kinundu, ulisukume nyuma taratibu mpaka litulie lenyewe. Mahali lilipotulia ndipo litakapotaka kukaa siku zote. Kama hapo liko juu ya bapa la bega, si lake. Kumbuka kwamba mguu wa mbele ukinyooka, bapa la bega hurudi nyuma. Mtu wa pili auvute mguu mbele huku mkono wako ukiwa chini ya ukingo wa tandiko. Mkono ukibanwa, na bega litabanwa.

Tazama kutoka pembeni. Sehemu ya chini kabisa ya kiti iwe katikati. Weka penseli ya duara juu ya kiti: ikibiringika kwenda nyuma, mbele kumeinuka, na mara nyingi sababu ni upana mdogo. Ikienda mbele, upinde umeshuka, na sababu ya kawaida ni upana uliozidi. Kati ya upinde na kinundu ziingie takriban vidole viwili hadi vitatu mpandaji akiwa amekaa, na pembeni za kinundu pasiguswe pia. Vikiingia vidole vinne au zaidi kwenye tandiko la kawaida, usifurahie nafasi hiyo, kwa sababu huenda limekaa juu kwa kuwa limeshindwa kuingia.

Sasa pitisha kiganja chini ya mto kutoka mbele hadi nyuma, kwanza bila mkanda, kisha mkanda ukiwa umefungwa, kisha mtu akiwa juu. Mkandamizo uwe ule ule njia nzima. Ukibanwa mbele na nyuma lakini katikati pana uwazi, uzito wote unaangukia pembe nne, na hapo ndipo vidonda hutokea. Ukibanwa katikati tu na ncha zinaelea, tandiko litayumba mbele na nyuma na sehemu ya nyuma itarukaruka kwenye troti. Mfumo wa kwanza huonekana kwenye mgongo uliobonyea uliowekewa tandiko la kiunzi kilichonyooka. Wa pili hutokea mgongo bapa unapopewa kiunzi kilichopinda. Yote mawili ni makosa ya kiunzi. Hakuna kujaza mito kutakakoyaondoa kabisa.

Mito iishie kabla ya ile alama ya ubavu wa mwisho. Ngozi ya juu ikizidi kidogo bila kubeba uzito, si neno.

Kazi ya nusu saa

Farasi anayetia matumaini akiwa amesimama anaweza kusema mengine akianza kutembea. Weka kitambaa cheupe chembamba, safi, mwendeshe dakika 20 hadi 30 kwa mwendo wa kawaida, troti, na shoti kama daktari ameruhusu. Asimame mtu nyuma atazame kama tandiko linahamia upande mmoja. Likihama kila mara upande ule ule, usiwe mwepesi wa kulaumu mito: kuchechemea kwa mguu wa nyuma, hata kule kusikoonekana vizuri kwa jicho, kunalisukuma tandiko pembeni, na mpandaji aliyepinda pia hulisukuma.

Livue bila kuliburuta. Jasho na vumbi kwenye kitambaa vionekane sawa kushoto na kulia, na mstari safi wa mfereji katikati. Doa kavu lililozungukwa na jasho lina maana mbili. Kama manyoya ya hapo yamelala na kushikana, mgandamizo ulikuwa mkubwa hadi tezi za jasho zikashindwa kufanya kazi. Kama yamesimama huru, tandiko halikugusa kabisa. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya hapa ikiwa kali, farasi anaweza asitoe jasho la kutosha. Paka chaki upande wa chini wa mito usome alama itakayobaki mgongoni. Msubiri farasi dakika 20 kisha upapase tena, kwani uvimbe mdogo huinuka baada ya uzito kuondoka.

Mito, blanketi na sponji

Mito ya sufu ya kondoo ndiyo ninayoipendekeza kwa mgongo unaoumwa, kwa sababu hufunguliwa, ikapunguzwa au kuongezwa kadiri msuli unavyorudi. Sponji ya kiwandani haibadiliki, ikishasinyaa imekwisha. Sufu mpya hujipanga, kwa hiyo ikaguliwe baada ya miezi 3 hadi 6, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Usikubali fundi aongeze pamba au vipande vya sponji ya godoro. Pamba hunywa jasho na kuganda vibonge, sponji ya godoro hulala bapa ndani ya wiki chache, na farasi anabaki na kokoto mgongoni.

Blanketi nene chini ya tandiko jembamba huongeza ubanaji, kama soksi mbili ndani ya kiatu kidogo. Kitambaa cha kujazia kina kazi pale tu ambapo tandiko ni pana kwa makusudi. Farasi aliyesinyaa nyuma ya mabega apewe kiunzi cha upana atakaokuwa nao akipona, kisha yale mashimo yajazwe kwa vipande vya filti ya sufu vya milimita 5 vilivyoingizwa kwenye mifuko ya kitambaa cha tandiko, kingo zake zikiwa zimepunguzwa unene ili zisiache ngazi. Kila baada ya wiki 4 au 6 chukua umbo upya. Msuli ukijaa, toa kipande kimoja. Kitambaa chochote kivutwe juu ndani ya mfereji kabla ya kufunga mkanda, la sivyo kitakandamiza uti.

Tandiko lisilo na kiunzi linavutia watu kwa kuwa linaonekana laini. Laini yake haigawanyi uzito: uzito wa mpandaji hushuka pale anapokalia, na vikuku (vyuma vya kukanyagia miguu) vikivuta, huchimba pale vilipofungwa. Kwa mgongo wenye pingili zinazogusana silishauri, isipokuwa mpandaji ni mwepesi na chini kuna mito mizito yenye mfereji wa kweli. Kumpanda bila tandiko lolote ni kubaya zaidi, mifupa miwili ya makalio ikiwa juu ya msuli mtupu.

Uzito, mkanda na kupanda

Pima mzunguko wa kifua nyuma ya kinundu, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi wa mzunguko 175 na urefu 155 ana kilo 400 hivi. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20, yaani kilo 80 kwa huyu. Kwa farasi anayetoka kwenye maumivu ya mgongo tumia asilimia 15: kilo 60, tandiko likiwemo. Kanuni hii inaudhi watu wazima wengi bandani, lakini mgongo haujui cheo.

Mkanda wa tumbo uwe na elastiki pande zote mbili au usiwe nayo kabisa. Elastiki ya upande mmoja hulivuta tandiko upande usio na elastiki. Ufungwe kwa hatua tatu: bandani kwa kulegea, baada ya kutembea kidogo, kisha kabla ya kupanda. Na kupanda kuwe kwa kukanyaga boksi la mbao la sentimita 50 au 60, pande zote mbili kwa zamu. Kuparamia kutoka chini kunapinda kiunzi na kukivuta kinundu kila siku upande mmoja. Kreti ya bia iliyopinduliwa huteleza, tumia mbao.

Kiangazi na mvua

Kuanzia Mei hadi Oktoba nyasi hukauka na farasi asiyeongezewa chakula hupungua, hasa mgongoni. Mvua zikija anajaa tena. Tandiko lililokaa vizuri Aprili linaweza kuwa pana Septemba na jembamba Februari. Basi chukua umbo mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na mwisho wa mvua, uweke karatasi mpya juu ya ya zamani ulinganishe. Tofauti ndogo ni ya vipande vya filti. Pengo likifika sentimita 1 kila upande kwenye umbo la kwanza, mwite fundi wa sufu au tafuta kiunzi cha upana mwingine.

Vumbi jekundu la kiangazi hufanya kazi ya msasa kati ya mto na ngozi: piga mswaki mgongo na mito kila mara kabla ya kutandika. Wakati wa mvua, ngozi iliyolowa ikaushwe kivulini penye hewa, kamwe si juani wala karibu na moto, kisha ipakwe mafuta ya ngozi kidogo. Tandiko liwekwe juu ya boriti ya duara yenye upana wa kutosha. Ukilitundika kwenye msumari, mito hupinda upande mmoja na umbo ulilolipimia linapotea.

Ikiwa hakuna tandiko lililopita majaribio haya, farasi asipandwe kwanza. Afanyishwe kazi kwa kamba ndefu, mwendo wa kawaida na troti, kichwa kikiruhusiwa kushuka ili mgongo uinuke, dakika 15 hadi 20, akibadilishwa upande mara kwa mara, kwa ratiba aliyoitoa daktari.